Kaye Mbili, Somo Moja

Nilifika Goma nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekaa juu ya magunia ya viazi katika kamiyo, yaani lori, iliyotoka upande wa Butembo, na koti la baba yangu mabegani kwa sababu ya baridi ya milima ya Kabasha. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu kwa masera, wale watawa wa kike, na masera wenyewe ndio walionituma huko, kwa kuwa shule yao ya wasichana ilikosa mwalimu wa darasa la tatu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Sikumjua mtu hata mmoja katika mji ule.

Shule ilikuwa na madarasa matano, yote yamejengwa kwa mawe meusi ya volkano. Uwanja nao ulikuwa mawe matupu, makali, na soli za viatu vyangu ziliisha kabla ya Noeli. Lakini nilikuwa na furaha. Niliitwa mwalimu. Kila asubuhi wasichana thelathini na wanane walisimama nilipoingia, wakasema kwa sauti moja, "Jambo, mwalimu," nami nikajiona nimekuwa mtu mkubwa.

Kila mmoja wetu walimu alikuwa na kaye, daftari lake la maandalio. Humo uliandika masomo yote ya kesho: lengo, vifaa, maneno utakayosema na maswali utakayouliza. Jumatatu asubuhi masera mkubwa, aliyeongoza shule, alizikusanya akazisoma moja moja na kuzitia sahihi kwa kalamu ya rangi ya buluu. Kaye safi ilikuwa heshima ya mwalimu, na yangu ilikuwa safi kuliko zote. Nilipiga mistari kwa rula. Niliandika maswali, na chini ya kila swali nikaandika jibu ambalo wasichana walipaswa kutoa, neno kwa neno. Nao walilitoa. Sikuona kwamba kuna kitu kinakosekana.

Mwezi wangu wa pili shuleni nilifundisha pande nne za dunia. Nilitundika karte, yaani ramani, ukutani, nikasema, nao wakarudia: kaskazini ya Goma kuna Nyiragongo, kusini ya Goma kuna ziwa Kivu. Walirudia mara nne, vizuri kabisa. Mlango ulikuwa wazi, na siku hiyo mawingu yalikuwa yameondoka, mlima ukaonekana wote pamoja na moshi wake. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikauliza swali ambalo halikuwa katika kaye.

"Haya, nionyesheni kaskazini kwa kidole."

Vidole thelathini na vinane vikaelekea juu, kwenye bati.

Nilidhani wananichezea. Nikamwuliza msichana wa benchi la mbele kwa nini anaonyesha bati.

"Ku karte, kaskazini iko juu, mwalimu."

"Na kusini?"

Akaonyesha sakafu.

"Na Nyiragongo iko wapi?"

Hapo akageuka, akanionyesha mlima kupitia mlangoni, bila kusita. Mlima aliujua tangu kuzaliwa. Kaskazini aliijua tangu nusu saa iliyopita. Kwake vitu hivyo viwili havikuwa na uhusiano wowote, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Niliwatoa nje kabla ya wakati nikabaki nimekaa mezani. Muda mfupi baadaye akaingia mwalimu wa darasa la tano. Darasa lake lilipakana na langu, na ukuta kati yetu haukufika juu hadi kwenye bati, kwa hiyo kila mmoja alisikia ya mwenzake. Alikuwa mama wa watoto wanne, mtu wa Rutshuru, mrefu, mwenye maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Kinyarwanda. Mume wake alikuwa karani. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja. Mimi nilimwita yaya, kama ninavyomwita dada yangu mkubwa, ingawa mpaka siku hiyo tulikuwa tumeongea salamu tu.

"Nimesikia kimya," akasema. "Darasa lako halina kawaida ya kimya."

Nikamweleza. Nilingoja acheke, lakini hakucheka.

"Bangu nabo balinionyesha bati vile vile," akasema. "Lakini wewe umeuliza ku mwezi ya pili. Mimi nilikaa miaka tatu sijauliza."

Akarudi darasani kwake, akaja na kaye yake, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa imechakaa, pembe zimekunjika. Ukurasa wa kushoto ulifanana na wa kwangu, ila maneno yalikuwa machache. Ukurasa wa kulia ndio ulionishangaza. Juu kabisa kulikuwa na swali moja, na chini yake, kwa kalamu ya risasi, mambo ambayo wasichana walisema kweli siku ya somo: majibu ya kweli, majibu ya makosa, hata maswali waliyomwuliza yeye akashindwa kuyajibu. Aliyaandika yote.

"Hili swali la juu ni la namna gani?" nikauliza.

"Ni swali ambalo mimi mwenyewe sijui batajibu nini. Kila somo natafuta moja. Wakishajibu, nawauliza wamejuaje. Basi."

Alifungua ukurasa wa somo la pande nne za dunia. Alikuwa ameandika: toa karte ukutani, ilaze chini nje, igeuze mpaka mlima wa karatasi uelekee mlima wa kweli. Kesho yake nikafanya hivyo. Tuliweka mawe kwenye pembe nne za karte ili upepo wa ziwani usiichukue. Wasichana walisimama wakiizunguka, wakatazama karatasi, wakatazama mlima. Kisha mmoja akasema polepole, "Basi Rutshuru iko nyuma ya mlima." Mwingine, ambaye watu wao walitoka Masisi, akageuka upande wa magharibi akanyoosha mkono. "Basi mama ya mama yangu anakaa kule," akasema. Alikuwa hajapata kufikiri kwamba karte ya shule ilikuwa na nyumba ya bibi yake ndani.

Nilimwuliza amejuaje. Akanieleza, na maelezo yake yalikuwa sawa.

Tangu siku hiyo tulibadilishana kaye kila Jumamosi baada ya masomo. Nilisoma za kwake, naye alisisitiza kusoma za kwangu. Mwanzoni niliona haya, maana sikuwa na cha kumpa. Lakini mimi nilikuwa na watoto wadogo, na watoto wadogo huuliza mambo ambayo wakubwa wameshaacha kuuliza. Msichana wangu mmoja alitaka kujua kama samaki wanasikia kiu. Yaya aliliandika swali hilo katika kaye yake, akalipeleka darasa la tano, akaniambia Jumamosi iliyofuata kwamba walibishana hadi kengele ikalia.

Lazima niseme kwamba kulikuwa na amri juu ya jambo hilo. Masera mkubwa alinieleza siku yangu ya kwanza: kaye ni ya mtu mmoja, na mwalimu anayenakili ya mwenzake hajaandaa kitu. Yaya alitembea na kaye yangu mkononi mchana kweupe. Mimi ya kwake niliifunga ndani ya kitambaa.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya jiwe. Tulikuwa tumekubaliana kufundisha somo moja wiki moja: vitu vinavyoelea na vinavyozama. Kitabu kilikuwa na orodha. Mti unaelea, chuma kinazama, jiwe linazama. Sisi tuliandika somo lingine. Kila msichana alete kitu chake, aseme kwanza kitafanya nini na kwa nini, halafu akiweke katika ndoo. Tuliliandika pamoja, kwa maneno yale yale, kila mmoja katika kaye yake.

Walileta mahindi, vifungo, kijiko, mti wa kufungia mbuzi, ganda la yai. Msichana mmoja, ambaye mama yake aliuza samaki kule Kituku, alileta jiwe jeusi kubwa kama ngumi, lenye matundu mengi.

"Litafanya nini?" nikamwuliza.

"Litaelea."

Darasa likacheka. Nikaona kwamba watoto wote wanalijua jibu la kitabu, na mimi pia. Akaliweka majini. Likaelea.

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililotaka kusema ni kwamba hilo si jiwe. Neno lilikuwa mdomoni. Kitabu kilikuwa mezani, wasichana wote walikuwa wananitazama mimi badala ya ndoo, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwenye jiwe akaona uso wangu, akasema kwa sauti ndogo, "Iko jiwe, mwalimu. Niliitoa ku mawe ingine."

Nikasema, "Ni kweli, ni jiwe. Sasa nani ataniambia kwa nini linaelea?"

Mmoja akasema ni jepesi. Nikamwuliza kwa nini ni jepesi na mawe mengine ni mazito. Mwingine akasema matundu yana hewa ndani, kama ndoo tupu. Wa tatu akasema kama ni hewa, basi maji yakiingia katika matundu litazama, na huyo wenzake hawakumwamini. Wakasimama kwenye mabenchi. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Saa ya kuandika ilipita, saa ya kushona ikaanza, na sisi bado tulikuwa tumezunguka ndoo, tukilitazama jiwe likishuka kidogo kidogo, mpaka likawa chini ya maji na kugonga kitako cha ndoo. Aliyekuwa amesema litazama hakupiga kelele. Alikaa chini akafunika uso kwa mikono, akicheka peke yake.

Nilipoinua kichwa, masera mkubwa alikuwa mlangoni. Alitazama saa yake, akatazama ubao ambao haukuwa na tarehe, akatazama maji yaliyomwagika. Akaomba kaye yangu. Kisha akapita darasa la tano akaomba na ya yaya. Baada ya masomo alituita ofisini, na kaye zote mbili zilikuwa mezani, zimefunguliwa kwenye somo moja.

"Maneno ni yale yale," akasema. "Hata kosa la kuandika ni lile lile. Nataka kujua nani amenakili ya mwenzake."

Nilinyamaza. Nilijua la kusema, na lilikuwa rahisi, lakini nilifikiria kurudishwa Butembo juu ya kamiyo, na uso wa baba yangu, nikatazama viatu vyangu. Kimya changu kilikuwa kirefu kiasi cha kumwacha masera adhani anachotaka.

Yaya akasema, "Hakuna aliyenakili, masera. Tumeandika pamoja. Mimi ndiye niliyeanza, nilimpa kaye yangu katika mwezi wake wa pili."

"Unajua amri."

"Ndiyo, ninaijua." Akanyoosha mkono, akaomba ruhusa kwa macho, akageuza kurasa za kaye yake. "Lakini tazama hapa. Hili swali la samaki nimelitoa kwa huyu. Na hili la kivuli, nalo ni la huyu. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuyafikiri. Kama ni kosa kuiga, basi mimi nimemwiga zaidi."

 Masera alisema atabaki na kaye zote mbili hadi Jumatatu, na kwamba tungesikia uamuzi wake.

Tulitoka. Tulipofika kwenye ukuta wa uwanja nilianza kulia, nikamwambia yaya kwamba nimemwacha peke yake mle ndani, na kwamba naona haya. 

"Ulikuwa na woga," akasema. "Mwaka kesho utakuwa nayo kidogo." Kisha akaniambia twende kwake, maharage yalikuwa tayari. Nikala kati ya watoto wake wanne, na hakuna aliyenitajia ofisi ya masera tena siku hiyo. Mpaka leo sijasahau kwamba angeweza kunikasirikia, na alikuwa na haki, akachagua kunipa sahani.

Jumatatu masera alizirudisha kaye bila kusema neno. Niliifungua yangu nikiwa nimesimama. Sahihi ya buluu ilikuwa pale pale pa kawaida. Karibu na somo la jiwe alikuwa ameandika onyo juu ya saa ya kushona iliyopotea, na kosa langu la kuandika lilikuwa limepigwa mstari. Chini kabisa, katika ukurasa wa kulia, kulikuwa na swali kwa mwandiko wake mdogo: likikauka, litaelea tena?

Nikakimbilia darasa la tano. Yaya naye alikuwa ameandikiwa swali hilo hilo. Tukatazamana. Sikuwahi kumwona akicheka vile.

Tuliliweka jiwe juu ya ukuta, juani, kwa wiki moja. Msichana wa Kituku alilichunga asije mtu akalitupa. Siku ya kulijaribu, masera alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya darasa na mikono ndani ya nguo yake, akataka wasichana waseme kwanza kitakachotokea na sababu yake. Likaelea. Hakuonyesha furaha, hakuwa mtu wa namna hiyo. Lakini mwisho wa wiki alituma ujumbe kwamba walimu wote watano wakutane Jumamosi katika chumba cha kushonea, kila mmoja na kaye yake, wazisome pamoja. Amri ilikuwa imebadilika, na hakuna aliyesema kwamba imebadilika.

Si kila Jumamosi ilikuwa nzuri. Mwalimu wa darasa la kwanza aliona tunampotezea muda, na alitwambia hivyo. Siku nyingine tulibishana juu ya somo moja tukaenda nyumbani tumenuna. Mkaguzi mmoja alipopita alisema wasichana wangu wako nyuma kurasa nyingi za kitabu, na ilikuwa kweli. Masera alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba awaulize wasichana swali lolote, na akiisha kupata jibu, awaulize wamejuaje. Aliuliza kwa nini chemchemi fulani hukauka wakati wa jua kali. Walimjibu kwa zamu, wakasahihishana mbele yake kwa adabu. Mkaguzi aliandika kitu katika karatasi zake akaondoka. Hatukujua ameandika nini, na hakuna kitu kilichotupata.

Baada ya miaka miwili mume wa yaya alihamishwa kwenda Vitshumbi, kwenye uvuvi wa ziwa Edouard, na yaya akalazimika kumfuata. Siku ya mwisho aliniachia kaye zake zote saba. Mimi nilimpa zangu mbili, na nilihisi kama nimempa kitu kidogo sana, lakini alizifunga ndani ya kitenge chake pamoja na nguo za watoto.

Kule hakukuwa na darasa la wasichana. Miezi michache ilipita, kisha dereva wa kamiyo ya samaki wa chumvi akasimama mbele ya shule akaniita. Alikuwa na kaye kutoka kwa yaya. Ilinuka samaki kiasi kwamba masera aliniomba niisomee nje. Ilikuwa na masomo mapya kumi na mawili. Nikasoma hadi mwisho nimekaa juu ya ukuta, kisha nikaanza upya, nikaandika ya kwangu na kumpa dereva huyo huyo aliporudi. Tuliendelea hivyo miaka yote tuliyofundisha.

Likizo moja ya Pasaka nilikwenda kumwona. Nilimkuta chini ya kibanda cha kukaushia nyavu, watoto ishirini hivi wa wavuvi wamekaa juu ya masanduku, wavulana na wasichana pamoja. Alikuwa amewauliza kama samaki wa ziwa wanaweza kwisha. Mmoja alisema hawawezi, baba yake amesema. Mwingine akamwuliza kama baba yake amewahesabu. Yaya alikuwa amekaa pembeni kabisa, akiandika kwa kalamu ya risasi, hajainua kichwa. Nilisimama jua likinichoma, sikutaka kuwakatiza.

Mchana tulipara samaki pamoja nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia neno moja, nikalisema hapo, na kisu mkononi: kwamba kama asingeingia darasani kwangu siku ile, ningefundisha maisha yangu yote bila kujua kwamba sifundishi.

Aliendelea na samaki wake. Kisha akasema, "Nami ningebaki peke yangu na kaye yangu. Hiyo nayo ni mubaya." Akanisogezea ndoo ya maji, nikanawa mikono, tukaingia ndani kupika bugali.